Vazi la Mpiga Mbizi Huchaguliwa na Maji

 Msomaji, nakuomba ukae kitako. Najua kurasa hizi umezizoea kwa mashairi, methali na mawaidha ya mitihani. Mimi mwaka huu nimekuletea habari ya nguo. Si kanga ya mama wala kanzu ya Ijumaa, bali nguo ya kuvaliwa chini ya maji ya baridi, ambayo wenyewe huiita draisuti, yaani suti kavu. Utauliza, "Kijana wa Makupa na maji ya baridi, wapi na wapi?" Subiri, utaona.

JAMBO LILIVYOANZA

Mamangu huuza mitumba katika soko la Kongowea. Likizo ya Agosti nilikwenda kumsaidia kufungua robota la makoti ya mvua. Makoti yalikuwa mazuri, lakini chini kabisa tulikuta kitu cheusi, kizito, kirefu kama ovaroli ya fundi wa magari. Miguu yake ilishikana na soksi nene za mpira. Shingo ilikuwa ya mpira mwembamba, nyembamba hata ukajiuliza kichwa kitapita wapi. Kulikuwa na zipu nzito ya shaba kutoka bega hadi bega upande wa mgongoni, na valvu mbili, moja kifuani na moja mkono wa kushoto.

Akina mama wa soko walikusanyika. Mmoja akasema ni nguo ya zimamoto. Mwingine akasema, "Hiyo ni nguo ya jini, irudishe ilikotoka!" Tulicheka, lakini hakuna aliyenunua. Jioni tukaitia guniani tukarudi nayo Makupa.

Kakangu alipoiona, aliruka. Kakangu ni kibarua wa kupiga mbizi. Huingia chini ya meli na kukwangua viumbe vyenye magamba magumu na majani ya bahari yanayoota ubavuni, ambayo huifanya meli iwe nzito na kula mafuta mengi. Kazi hiyo huifanya kwa kisuti cha zamani kilichokatika mikono. Ngozi yake huwasha, na masikio humtoka usaha mara kwa mara. Nataka msomaji ujue jambo moja: karo yangu hutoka chini ya meli hizo. Babetu ametangulia mbele ya haki, na kakangu ndiye mwenye kutushika.

"Mama wee!" akasema. "Hii ndiyo yenyewe. Wazungu huivaa, hata tone la maji haliingii. Jumatatu ntaivaa."

Mamangu hakufurahi. Akaniambia, "Wewe unayesoma, hebu itazame hii nguo utwambie ni ya nini. Mwanangu simtii ndani ya kitu nisichokijua."

Hivyo nikapewa juma moja. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Fizikia, nikaingia maktaba, na nikamtembelea mzee mmoja wa Mji wa Kale ambaye ujanani mwake alipiga mbizi katika bahari za Ulaya. Niliyoyapata ndiyo haya.

KWA NINI MPIGA MBIZI AVAE?

Mwili wa binadamu una joto la digrii 37 hivi. Maji hunyang'anya joto hilo haraka kuliko hewa, kama mara 25. Ndiyo maana ukisimama kivulini siku ya digrii 27 waona raha, lakini ukikaa baharini saa mbili katika maji ya digrii hizo hizo, midomo inaanza kutetemeka. Bahari yetu hapa Mombasa huwa kati ya digrii 25 na 29 kwa kutegemea ni kaskazi au kusi. Kwa hivyo hata hapa mpiga mbizi wa muda mrefu huhitaji kitu cha kumhifadhi.

Sasa fikiria Norwe au Skotlandi wakati wa baridi, ambako maji hushuka hadi digrii 5 hivi. Huko vidole hufa ganzi, akili huzubaa, na mtu anaweza kusahau hata kutazama kipimo cha hewa yake. Baridi humuua mpiga mbizi hata kabla ya kumgandisha, kwa kumfanya akosee.

Mavazi ya kuzuia baridi hiyo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni wetisuti. Hii huingiza maji kidogo kati ya nguo na ngozi, na mwili huyapasha moto maji hayo. Ya pili ni draisuti, ambayo haiingizi maji kabisa, bali mwili huzungukwa na hewa. Wapiga mbizi wengi huhamia draisuti maji yakishuka chini ya digrii 15 hivi.

Yule mzee wa Mji wa Kale alinieleza kwa maneno ambayo sitayasahau. "Mwanangu," alisema, "nguo haikupi joto. Joto unalo wewe. Nguo yazuia tu lisikimbie."

HISTORIA KIDOGO

Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Skotlandi alipata hataza ya kitambaa chenye mpira katikati ya nguo mbili. Ndilo koti la mvua. Katika miaka ya 1830 Augustus Siebe, fundi aliyekuwa akifanya kazi London, alitengeneza vazi la mpiga mbizi lenye kofia kubwa ya shaba, na nguo yake ilikuwa ya turubai na mpira. Kwa hiyo akina mama wa Kongowea hawakukosea sana kuona nguo hii ndani ya robota la makoti ya mvua. Ni ndugu, nyanya yao mmoja.

Mwaka 1930 wanakemia wa kampuni ya DuPont huko Marekani walipata mpira wa kutengenezwa unaoitwa neoprini. Ukitiwa mapovu ya gesi huwa kama sifongo laini lisilopitisha maji. Mnamo mwaka 1952 hivi Hugh Bradner, mwanafizikia wa California, aliutumia kubuni wetisuti.

Na usidhani mbizi ni mambo ya wageni pekee. Hapa kisiwani kwetu, karibu na Fort Jesus, jahazi la vita la Wareno liitwalo Santo António de Tanná lilizama mwaka 1697 wakati ngome ilipozingirwa. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi walifukua mabaki yake, na baadhi ya vitu walivyovitoa vimo katika makumbusho ya Fort Jesus. Tukipelekwa ziara ya shule, tukumbuke kwamba vitu vile vilitolewa na mikono ya watu waliokaa chini ya maji saa nyingi.

VITAMBAA VINNE

Draisuti hutengenezwa kwa vitambaa kadhaa. Vilivyo muhimu ni vinne, na kila kimoja kina wema na ubaya wake.

Cha kwanza ni neoprini ya povu. Hii ni nene na laini, ukiibonyeza kwa kidole hurudi. Ina joto yenyewe kwa sababu ya mapovu yake, na hunyumbuka, hivyo humkaa mtu vizuri. Ubaya wake ni kwamba mapovu hayo hubanwa na maji. Hapa ndipo tunapokutana na Kanuni ya Boyle ya kidato cha tatu: shinikizo likizidi, ujazo wa gesi hupungua. Juu ya maji shinikizo ni 1. Ukishuka mita 10 huwa 2, mita 20 huwa 3, mita 30 huwa 4. Kwa hiyo ukifika mita 10 tu, gesi iliyo katika mapovu imebaki karibu nusu ya ujazo wake.

Nitatoa mfano wa kwetu ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa huzuni. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilitumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni, likiwa na mama na mwanawe mdogo. Gari na miili ilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58 hivi. Mungu awarehemu. Mimi nilikuwa mdogo wa shule ya msingi, nikauliza, "Mbona hawaingii tu wakawatoa?" Sasa najua sababu mojawapo. Katika kina kile shinikizo hukaribia 7. Gesi iliyo katika mapovu ya neoprini ikifika hapo hubaki karibu sehemu moja kwa saba ya ujazo wake. Nguo iliyokuwa nene imekuwa nyembamba, joto lake limepungua, na ile nguvu yake ya kumwelesha mtu imekwenda. Tena neoprini ikitoboka ni taabu kupata tundu, maana maji huingilia hapa yakatokea pale, na kuikausha huchukua muda mrefu.

Cha pili ni neoprini iliyosagwa. Hii ni ile ile, lakini kiwandani imekwisha kubanwa kwa nguvu nyingi mpaka mapovu yake yamekufa au yamekuwa madogo mno. Huwa nyembamba, nzito na ngumu kuchanika. Haibadiliki sana mtu anaposhuka. Hufaa kwa kazi za kusugua mwamba na vyuma. Lakini ni ghali na nzito kubeba, na joto lake ni kidogo kuliko ile ya povu.

Cha tatu ni kitambaa cha tabaka tatu. Nje nailoni au poliesta, katikati mpira wa butili, ndani tena nailoni au poliesta. Ni chepesi, hukunjika ndani ya mkoba, hukauka upesi, na kikitoboka hutiwa kiraka bila shida. Lakini hakina joto hata chembe. Mwenye kukivaa lazima avae nguo nyingine ndani, za sufu au za nyuzi maalumu zenye kushika hewa. Pamba haifai, kwa sababu hunyonya jasho ikabaki na unyevu, na unyevu huchukua joto. Tena hakinyumbuki, kwa hiyo hushonwa kipana ili mtu aweze kukunja magoti na mikono.

Cha nne ni mpira uliopikwa kwa salfa. Njia hii ya kupika mpira iligunduliwa na Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839, na ndiyo iliyotupa magurudumu ya magari. Vazi lake ni laini na jeusi kama mpira wa ndani wa baiskeli, na hutiwa kiraka kama fundi baiskeli afanyavyo. Nao hauna joto wa peke yake. Sifa yake kubwa ni kwamba uchafu haupati pa kujificha. Ukiusugua kwa maji na sabuni ya dawa, unasafika. Kwa sababu hiyo hutumiwa sana na wapiga mbizi wa bandari na wa majitaka.

SHINGO, ZIPU NA VALVU

Mzee alinionya nisitazame kitambaa peke yake. "Nyumba si ukuta," alisema, "tazama na milango." Milango ya draisuti ni shingo, mikono na zipu.

Shingo na mikono huzibwa kwa lateksi, silikoni au neoprini. Lateksi ni nyembamba na huziba vizuri, lakini huharibiwa na jua, mafuta na uzee tu. Ikianza kuwa na nyufa ndogo au kunata kama peremende, imekwisha. Silikoni ni laini zaidi na haiwadhuru watu ambao ngozi zao haziivumilii lateksi, ila haishiki gundi, kwa hiyo hufungwa kwa pete maalumu. Neoprini hudumu kuliko zote, lakini humkaba mgeni.

Zipu ndiyo sehemu ya gharama. Ikikunjwa vibaya meno huvunjika. Hupakwa nta, na haivutwi kwa nguvu.

Valvu ya kifuani huingiza hewa kutoka kwenye mtungi. Kwa nini? Kwa sababu anaposhuka, hewa iliyo ndani ya nguo hubanwa na nguo humkaba mwili wote. Valvu ya mkononi hutoa hewa anapopanda. Sasa sikiliza hatari iliyopo. Hewa hupenda kwenda juu. Mtu akiinamisha kichwa chini, hewa hukimbilia miguuni, na valvu ya mkono haiwezi kuitoa. Miguu humvuta kwenda juu, na kadiri anavyopanda hewa inazidi kupanuka, ikazidi kumvuta. Anafika juu kama mshale. Hewa iliyo mapafuni nayo hupanuka vivyo hivyo, na yaweza kuyapasua. Ndiyo maana draisuti haivaliwi bila mafunzo, hata na mtu aliyepiga mbizi miaka kumi kwa nguo nyingine.

NA MAJI YETU JE?

Kufikia hapo nilikuwa nimeelewa kwamba draisuti si ya baridi pekee. Kuna mtu huivaa asishikwe na baridi, na kuna mtu huivaa asishikwe na uchafu. Kakangu alikuwa wa pili.

Sisi watu wa Makupa hatuhitaji kuelezwa habari ya maji machafu. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika katika mkono wa bahari wa Makupa, yakaua mikoko. Hapo Kibarani palikuwa na jaa la taka kwa miaka mingi, na mvua ikinyesha maji yake yalikwenda baharini. Maji ya bandari popote duniani huwa na mafuta, kutu na rangi za meli, na majitaka ya mji. Kakangu hukaa humo saa nyingi, na kila anapokwangua, uchafu humrudia usoni.

Kwa kazi hiyo, kitambaa kinachofaa ni kile cha nne, mpira mtupu, pamoja na glavu zilizozibwa na kofia inayofunika uso na masikio yote. Ukivaa draisuti huku masikio na mdomo viko wazi, ni kama kufunga mlango ukaacha dirisha. Kitambaa cha tabaka tatu kina nailoni nje, na nyuzi za nailoni hushika uchafu. Neoprini ya povu ndiyo mbaya zaidi, hunyonya.

Na kuna shida nyingine ya kwetu, nayo ni joto. Mpira hauachi jasho litoke. Mtu akivaa draisuti juani Mombasa, anaweza kuzirai kabla hata ya kuingia majini. Kwa hiyo mpiga mbizi wa maji machafu katika nchi ya joto hupewa kazi ya muda mfupi, hukaa kivulini, humwagiwa maji, na huwa na mtu wa kumwangalia.

SIKU YA MAJARIBIO

Jumamosi ikafika. Kakangu hakutaka kusikia nadharia. "Umenisomea kitabu kizima," alisema, "lakini mimi nataka kujua, hii yangu ni ipi?"

Nilimwonyesha mahali palipochakaa kwenye soksi, ambapo kitambaa kilikuwa kimefumuka. Ukitazama kwa makini waona nailoni, kisha uzi mweusi wa mpira, kisha nailoni. Tabaka tatu. Ni nguo ya maji baridi, na ndani yake hukosekana nguo za sufu.

Kisha tukapima kama inavuja. Tulitia chupa za soda mikononi na mpira wa kandanda shingoni. Chupa moja ya plastiki tuliitoboa kitako tukapitisha mrija wa pampu ya baiskeli. Nguo ikavimba, ikawa kama mtu mnene amelala uani, watoto wa jirani wakapiga mayowe. Tukaipaka maji ya sabuni. Penye tundu sabuni hutoa mapovu. Goti la kulia lilitoa mapovu, hilo ni kiraka tu. Lakini shingo ilitoa mapovu madogo madogo mduara mzima, na nilipoitazama juani niliona nyufa kama za matope yaliyokauka.

"Kaka, shingo hii imezeeka," nikasema.

"Ni kidogo tu hicho. Nipe poda."

Akajipaka poda ya mtoto shingoni na mikononi, akaingia. Tulimvuta zipu sisi wawili, mamangu amesimama mlangoni amekunja mikono. Ilikuwa saa nne za asubuhi, tena kivulini. Haikupita robo saa, jasho likawa linamtiririka kutoka kichwani kama amemwagiwa ndoo, na uso umebadilika rangi. Alitaka kuinua mikono kama akwanguavyo meli, ikamkataa mabegani, kwa sababu nguo ilikatwa kwa mtu mfupi kuliko yeye. Akasema, "Nitoeni."

Tulipokuwa tunamvua, shingo ilipasuka. Haikupasuka kidogo. Ilitoka sikio hadi sikio, kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa na fundi cherehani.

Hakuna aliyesema neno. Kakangu alikaa kwenye ngazi, nguo imemfika kiunoni, akaishika ile shingo mkononi. Nadhani sote tulikuwa tunafikiri jambo moja. Kama ingepasuka Jumatatu, yuko chini ya tumbo la meli, hewa ingetoka yote kwa mara moja na maji yangejaa. Asingeelea, na juu yake kuna chuma. Mamangu ndiye aliyesema wa kwanza: "Nguo ya kuazima haisitiri maungo." Akaingia ndani kupika.

TULIYOJIFUNZA

Msomaji, sitakudanganya kwamba mambo yalikwisha vizuri kama hadithi za darasani. Jumatatu kakangu alikwenda kazini na kisuti chake cha zamani, kwa kuwa sisi tunakula. Ila siku hiyo alimwendea msimamizi wao, akamweleza habari ya mpira, kofia na masikio, kama nilivyomwandikia kwenye karatasi. Wenzake wanne walisimama naye. Jibu bado hawajapewa. Lakini siku hizi ameanza kuweka fedha kidogo kidogo kwa ajili ya mafunzo yenye cheti, na akitoka majini huoga kwa maji safi papo hapo, asingoje kufika nyumbani. Masikio yake yamepata nafuu.

Nami nimepata mambo matatu ya kukupa.

Kwanza, ukitaka kuchagua vazi la mpiga mbizi, usianze dukani. Anza kwenye maji. Jiulize: ni baridi kiasi gani, ni safi au machafu, mtu anashuka mita ngapi, na kazi yake ni ipi? Mwenye kupiga mbizi kina kirefu katika baridi, akataka wepesi na kiraka rahisi, atachagua tabaka tatu na nguo za sufu ndani. Mwenye kusugua vyuma atachagua neoprini iliyosagwa. Mwenye kukaa kina kifupi, akataka joto bila nguo nyingi, atachagua ile ya povu. Mwenye kazi ya uchafu atachagua mpira. Hakuna iliyo bora kuliko zote, na anayekwambia iko, anauza.

Pili, kitu kizuri mahali pasipo pake huwa hatari. Nguo ile haikuwa mbovu tangu mwanzo. Huko ilikotoka huenda ilimwokoa mtu katika maji ya digrii 5. Hapa kwetu ilitaka kumtoa kakangu roho.

Tatu, kwa wanaosema Fizikia haina kazi: Boyle alikufa mwaka 1691, na mwaka huu amekaa nasi uani Makupa akatusaidia.

Huenda unauliza nguo iko wapi. Mzee wa Mji wa Kale aliitazama, akasema mwili wake ni mzima, na shingo mpya ikitiwa itamfaa mtu wa nchi za baridi. Basi mamangu ameirudisha Kongowea, ameitundika mbali na jua. Juzi nilimpelekea chakula, nikamkuta anamweleza kijana mmoja aliyekuwa akiivuta-vuta mkono.

"Hii si koti la mvua, mwanangu," alikuwa akisema. "Ni tabaka tatu. Ni ya maji baridi, na ndani yake huvaliwa sufu. Ukiivaa hapa utaiva."

Mwandishi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.